Kadi ya Samsung PRO Endurance: miezi kumi na minne kwenye seva ya shule yetu

Mwezi huu peke yake walimu wenzangu watatu wameniuliza swali lile lile: kuna maana gani kutoa shilingi 62,000 kwa memori kadi moja wakati pale pale mezani zipo za elfu kumi na tano? Wameiona kadi ya Samsung PRO Endurance kwenye maabara yetu, GB 128, nao wanataka kuendesha seva kama yetu kwenye shule zao. Jibu langu ni kwamba wainunue. Ila sababu yangu siyo ile iliyoandikwa kwenye pakiti, na ukiinunua kwa sababu ya kwenye pakiti tu utapoteza kazi za watoto kama nilivyozipoteza mimi.

Nafundisha fizikia na TEHAMA katika sekondari ya kata, wilaya ya Muheza. Intaneti huku huja na kuondoka, kwa hiyo maabara yetu inategemea Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya ubao mmoja, yenye GB 4 za kumbukumbu (RAM), iliyowekewa Kolibri. Kama huijui, Kolibri ni programu ya bure ya kujifunzia bila intaneti: unapakua masomo mara moja, kisha wanafunzi wanaingia kwa waifai ya pale pale darasani. Sisi tuna vishikwambi 18 na wanafunzi wanaobadilishana. Kila zoezi mtoto analofanya, kila alama, kila jina, vinaandikwa kwenye hifadhidata ya SQLite (programu ya kutunza rekodi) ndani ya Pi. Na Pi haina diski. Ina memori kadi tu, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na Linux nzima, mfumo unaoiendesha kompyuta, imekaa humo pamoja na kazi ya muhula mzima.

Kadi hii ni ya tatu. Siwezi kuisifia bila kueleza mbili zilizotangulia, kwa sababu ndizo zilizonifundisha nini cha kutazama.

Ya kwanza niliuziwa katika duka la vifaa vya simu kwa elfu kumi na nane. Pakiti nzuri, jina la kampuni kubwa limechapwa vizuri, GB 64. Nikanakili video za hisabati usiku kucha. Asubuhi zilifunguka. Mchana, baada ya kuongeza za fizikia, zile za hisabati zikawa zinakwama, nyingine zinafunguka nusu, nyingine hazifunguki kabisa. Linux haikulalamika hata kidogo. Nilidhani ni programu, nikaweka upya kila kitu mara mbili, siku nne za likizo yangu zikaenda hivyo.

Tatizo lilikuwa kwamba kadi ile ilikuwa inadanganya. Ndani yake kulikuwa na GB 8 hivi, lakini ilikuwa imetengenezwa kuiambia kompyuta kwamba ina 64. Ukiandika kuzidi pale, inapokea kila kitu kwa utulivu na kuandika juu ya vile vya zamani, au kuvitupa. Kuna programu ya kugundua udanganyifu huu, inaitwa f3, iliandikwa na Michel Machado. Kwenye Raspberry Pi OS, yaani Linux ya Pi, unaipata kwa `sudo apt install f3`. Unaendesha f3write, inajaza kadi yote kwa mafaili ya GB moja moja, halafu f3read inayasoma na kukuambia ngapi ni salama na ngapi zimepotea. Yangu ilisema GB saba na kitu ni salama, hamsini na zaidi zimepotea. Tangu siku ile sijawahi kuweka hata faili moja kwenye kadi mpya kabla ya kuipitisha hapo. Nawasihi mfanye vivyo hivyo hata kama aliyewauzia ni ndugu yenu wa damu, kwa sababu huenda naye kadanganywa na aliyemuuzia.

Ya pili ilikuwa halali. Niliipima, ukubwa ulikuwa kamili. Ilifanya kazi miezi saba, kisha siku moja skrini ikaandika Kernel panic, Unable to mount root fs on unknown-block(179,2). Kwa lugha ya kawaida, Linux iliamka, ikaitafuta nyumba yake kwenye kadi, ikakuta mlango haupo. Nikaitengeneza kwa fsck, amri ya kukagua na kurekebisha mafaili ya kadi, kutoka kwenye laptopu, ikaamka, majina ya Kidato cha Kwanza mkondo mzima hayakuwepo. Baada ya wiki tatu yakatokea mambo niliyodhani ni uchawi: nafuta faili, linafutika mbele ya macho yangu, nazima Pi na kuiwasha, faili lipo pale pale. Naweka mwanafunzi mpya, kesho hayupo. Baadaye nikajua kwamba kadi nyingi ndivyo zinavyokufa. Chembe za kuhifadhia data zikichakaa, kidhibiti kilichomo ndani ya kadi kinaacha kuandika, kinabaki kusoma tu, na nyingine haziiambii kompyuta. Ukiona mafaili uliyoyafuta yanarudi, usihangaike kurekebisha. Nakili ulichonacho siku ile ile na kadi hiyo uiache.

Kwa nini ilikufa mapema namna ile? Hapa inabidi nitoke kidogo kwenye kadi, nieleze nilivyowaeleza Kidato cha Nne.

Kumbukumbu ya aina hii, iitwayo flash, ambayo Fujio Masuoka aliivumbua akiwa Toshiba miaka ya 1980, huhifadhi data kwa kunasa chaji ya umeme ndani ya chembe ndogo sana. Unaweza kuandika kidogo kidogo, lakini huwezi kufuta kidogo kidogo. Ifikirie kama chumba chenye mbao nyingi za darasani, na sheria inayosema neno lililokwisha kuandikwa halirekebishwi mpaka ubao mzima ufutwe. Ukitaka kubadili neno moja, unatafuta ubao mtupu, unanakili yote pamoja na neno jipya, kisha unafuta ubao wa zamani. Na kwa kuwa kila ubao huchakaa kwa kufutwa, kuna karani ndani ya kadi, ndiye kile kidhibiti, anayezungusha kazi ili mbao zote zichakae sawasawa, na anaweka daftari la kuonyesha nini kiko ubao upi.

Sasa umeme ukatike katikati ya kazi ya karani huyo. Ubao wa zamani umeshaanza kufutwa, mpya haujakamilika, daftari limeandikwa nusu. Linux haijui lolote kuhusu karani wala mbao. Mfumo wa faili wa ext4, ambao Linux yetu hupangia data kwenye kadi, una jarida lake la kujilinda, na jarida hilo linafanya kazi nzuri sana, lakini linalinda yale ambayo Linux yenyewe ilikuwa inaandika. Karani anaweza kuwa anahamisha kitu kingine kabisa, faili ambalo hakuna mtu aliyeligusa tangu Januari, na likapotea hilo. Ndiyo maana umeme ukikatika unaweza kukuta faili muhimu la mfumo limeharibika wakati wewe ulikuwa unahifadhi alama za mtoto mmoja.

Na umeme wetu ulikuwa unakatwa kila siku. Nilikuja kugundua siku moja nilipochelewa kusahihisha. Saa kumi na mbili jioni mlinzi, mzee wa makamo ambaye sote tunamwita Babu, alipita na kuzima swichi kuu ya jengo, kama alivyoelekezwa ili kubana matumizi. Miezi saba, kila jioni, katikati ya chochote kilichokuwa kinaandikwa. Babu hakuwa na kosa lolote. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kile kisanduku kwenye kabati kina cha kupoteza.

Ndipo nikaenda Kariakoo kutafuta kadi hii.

PRO Endurance imetengenezwa kwa ajili ya kamera za magari na za ulinzi, vitu vinavyorekodi usiku na mchana bila kupumzika. Samsung wanasema ile ya GB 256, kubwa kuliko yetu, inastahimili saa 140,160 za kurekodi mfululizo, yaani miaka 16. Pia wanataja kwamba inastahimili maji, joto, sumaku na eksirei. Joto ndilo lililonivutia, maana chumba chetu kina bati juu na mwezi wa pili hakikaliki.

Hizo saa zielewe vizuri. Ni saa za kurekodi video, na video ni kazi nyepesi kwa karani wetu: inakuja mfululizo kama maji ya bomba, anajaza ubao, anakwenda mwingine. Linux haifanyi hivyo. Linux inaandika kidogo hapa, kidogo pale, mstari mmoja wa kumbukumbu za mfumo, saa ambayo faili limesomwa, rekodi moja ya hifadhidata. Kila kipande kidogo kinaweza kumfanya karani ahamishe ubao mzima. Kwa hiyo usichukue namba ile ukaigawa kwa saa za shule ukapata miaka arobaini. Inachokuambia kwa uhakika ni kwamba chembe zake zimekusudiwa kufutwa mara nyingi kuliko za kadi ya kawaida, na hilo ni jambo kubwa kwa kazi yetu.

Nilipofika nyumbani niliiweka kwanza kwenye tundu la Pi lenyewe, si kwenye kisomaji cha USB, kwa sababu kisomaji kinaficha utambulisho wa kadi. Ukisoma faili la /sys/block/mmcblk0/device/manfid utapata namba ya mtengenezaji. Ya Samsung ni 0x00001b, na ndiyo iliyotokea. Mwigaji stadi anaweza kuighushi pia, kwa hiyo nikaendesha f3. Kuandika kulichukua zaidi ya saa moja, nikawa nimeshapika na kula. GB 119 na ushee, zote Data OK. Usishtuke kukuta 119 badala ya 128. Kampuni zinahesabu kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa 1,024, ukubwa ni ule ule.

Nikahamisha mfumo, nikawasha, kila mtu akafurahi. Wiki ya tatu umeme ukakatika wa mtaa mzima saa nne asubuhi, watoto wako katikati ya zoezi. Uliporudi, Linux iliamka bila shida. Lakini faili la matokeo nililokuwa nimetoka kulihifadhi, orodha ya alama za majaribio niliyoiandaa kwa ajili ya mwalimu wa taaluma, lilikuwepo kwa jina tu. Ukubwa wake sifuri.

Sikuilaumu kadi, na nataka ieleweke kwa nini. Alama zile hazikuwahi kuifikia. Ukihifadhi faili, Linux hulipokea kwenye RAM kwanza na kukuambia imekamilika, kisha hulipeleka kwenye kadi kwa wakati wake. Kwa mipangilio ya kawaida data inaweza kukaa sekunde 30 kabla ya kuhesabiwa kuwa imezeeka na inapaswa kuandikwa, na ext4 hukamilisha jarida lake kila sekunde 5. Programu makini kama SQLite hulazimisha uandishi kwa fsync na kusubiri jibu. Programu nyingine hazifanyi hivyo. Hata ununue kadi ya dhahabu, haiwezi kutunza kitu ambacho hakijaifikia.

Siku ile niliamua kwamba nitashughulika na jinsi Linux inavyoandika, na kadi iwe sehemu moja tu ya kazi hiyo.

Nilianza na kupunguza maandishi yasiyo na maana. Amri ya `sudo tune2fs -l` kwa sehemu ya mfumo ina mstari wa Lifetime writes, unaonyesha jumla iliyoandikwa tangu mfumo wa faili utengenezwe; niliuandika ubaoni kila asubuhi kwa wiki moja, nikaona unavyopanda hata siku ya Jumapili ambapo hakuna mtu shuleni. Nikazima swap, nafasi ya kwenye kadi inayosaidia RAM ikijaa, kwa `sudo dphys-swapfile swapoff` na kuzuia isiamke tena. Nikaiambia journald, programu inayoandika kumbukumbu za mfumo, iziweke kwenye RAM kwa Storage=volatile. Nikaweka noatime kwenye /etc/fstab, faili linaloeleza kadi ifunguliwe vipi, ili kusoma faili kusiwe sababu ya kuandika. Jumapili iliyofuata ule mstari ulisogea kidogo mno.

Kisha nikafanya kubwa zaidi: nikaufunga mfumo usiandikwe kabisa. Ndani ya raspi-config, programu ya mipangilio ya Pi, kwenye Performance Options, kuna Overlay File System. Ukiiwasha, kadi inabaki ya kusomwa tu, na chochote kinachobadilika kinakaa kwenye tabaka la juu ndani ya RAM. Uwezo huu, overlayfs, umo ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux, tangu toleo la 3.18 la mwaka 2014. Ukizima, tabaka linayeyuka, kesho mfumo unaamka ulivyokuwa. Ukikata umeme hata mara kumi kwa siku, hakuna kinachokuwa kinaandikwa kwenye mfumo wakati huo.

Nilifurahi sana, na haraka yangu ikaniumiza. Nilisahau kwamba hifadhidata ya Kolibri nayo ilikuwa humo humo. Mwalimu wa Kiswahili alikaa alasiri nzima akisajili Kidato cha Pili, majina 43, mmoja mmoja, kwa sababu wengi wana majina yanayofanana na alitaka kila mtoto awe na namba yake. Asubuhi hakukuwa na hata jina moja. Aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, nimekosea wapi?" Hakuwa amekosea popote. Nilimwomba radhi, na tukayaandika upya sote wawili Jumamosi. Bado nasikia vibaya nikikumbuka.

Mpangilio uliotoka kwenye aibu ile ndio tunaoutumia mpaka leo, na ndio naupendekeza kwa yeyote anayenunua kadi hii. Mfumo wa Linux nimeuweka kwenye kadi ya kawaida, halali, ya GB 32, ndani ya tundu la Pi, na umefungwa kwa overlay. Kadi hiyo haiandikwi, inasomwa tu, kwa hiyo ya bei ndogo inatosha. PRO Endurance nimeihamishia kwenye kisomaji cha USB 3, ina sehemu moja ya ext4 niliyoipa jina la DATA, na humo ndimo zinamoishi hifadhidata na video. Kolibri inaelekezwa huko kwa kigezo cha KOLIBRI_HOME. Pesa kubwa imekwenda mahali panapoandikwa kila dakika. Kama faida ya ziada, video zinasomwa haraka kuliko mwanzo, maana tundu la kadi la Pi 4 lenyewe halivuki MB 50 kwa sekunde.

Kwenye fstab mstari wa DATA una noatime na nofail. Hilo la pili ni muhimu: kisomaji kikichomoka, Pi iendelee kuamka badala ya kusimama njiani ikisubiri. Na kabla hujamkabidhi mtu yeyote, fanya jaribio hili: tengeneza faili kwenye DATA na jingine kwenye mfumo, washa upya, angalia. La DATA lazima liwepo na la mfumo lazima liwe limetoweka. Ikiwa yote mawili yametoweka, overlay imefunika na sehemu yako ya data, na yale ya majina 43 yatakupata.

Kuna jambo moja linalowashangaza wengi. Pi 4 haina saa yenye betri. Kwa kawaida mfumo unaandika saa ya mwisho kwenye kadi ili kesho uanzie pale. Ukiufunga mfumo, saa hiyo haiandikwi tena, na bila intaneti kila asubuhi seva inaamka ikidhani ni ile siku uliyowasha overlay. Kazi za watoto zikawa na tarehe za mwezi uliopita. Nikanunua kibao kidogo cha saa cha DS3231 chenye betri ya CR2032, nikaongeza dtoverlay=i2c-rtc,ds3231 kwenye config.txt, faili la mipangilio ya kuwashia Pi, tarehe zikakaa sawa.

Sasa Babu. DATA bado inaandikwa, kwa hiyo bado inahitaji kuzimwa kwa heshima. Linux ina njia rahisi: dtoverlay=gpio-shutdown, na kitufe cha kawaida. Maelekezo mengi yanasema kitufe kiende GPIO3, lakini pini hiyo inatumiwa na kibao cha saa, kwa hiyo niliandika gpio_pin=21 na kuunganisha kitufe kwenye pini ya 40, ambayo ndiyo GPIO21, na ya 39, za mwisho kabisa, ziko jirani. Kitufe chekundu kama cha kengele ya mlango, nikakitoboza nje ya kabati.

Nilimfuata jioni. "Shikamoo Babu."

"Marahaba mwalimu. Leo umechelewa tena?"

"Nimekungoja wewe. Babu, kabla hujazima ile swichi kubwa, naomba ubonyeze hiki chekundu mara moja. Utaona taa ya kijani inapepesa. Ikitulia kabisa, zima."

Akaniuliza, "Na isipotulia?" Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa kuhusu seva hii. Nikamwambia ahesabu mpaka mia moja, kisha azime tu. Akabonyeza, taa ikapepesa, ikatulia alipofika kumi na nne. Tangu jioni ile hajaruka hata siku moja. Asubuhi swichi ikiwashwa Pi inaamka yenyewe.

Kwa umeme unaokatika bila Babu, tumeifunga Pi kwenye betri ya sola ya volti 12 kupitia kibadilishi cha kwenda volti 5. Hapo napo niliteleza mwanzoni kwa kutumia waya mrefu mwembamba wa chaja ya simu. Amri ya `vcgencmd get_throttled` ilinirudishia 0x50000, maana yake kuna wakati volti zilishuka chini ya kiwango, nacho ni karibu volti 4.63. Kifaa kilichokosa nguvu kinaweza kuharibu maandishi sawasawa na umeme uliokatika, tena bila kuzimika, kwa hiyo hutajua. Waya mfupi mnene umelimaliza tatizo hilo. Ukipata 0x0 uko salama.

Nirudi kwenye kadi. Miezi kumi na minne imekaa chumba cha bati, vumbi la kiangazi, unyevu wa masika. Kila mwisho wa mwezi naitoa DATA, naipitisha `fsck -f` kwenye laptopu, na ninaiambia SQLite ijikague kwa PRAGMA integrity_check. Kila mwezi jibu limekuwa ok. Tumekatikiwa umeme mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu na sijapoteza jina hata moja tangu tuutenganishe mfumo na data. Sehemu ya sifa hiyo ni ya overlay, ya betri na ya Babu. Siwezi kuikata vipande nikasema hii ni ya kadi na hii si yake. Ninachoweza kusema ni kwamba kadi yenyewe haijawahi kunipa sababu ya kuitilia shaka.

Nisichokipenda ni viwili. Bei ni nzito kwa shule ya kata. Ilibidi nusu itoke mfukoni kwangu na nusu kamati ya wazazi, na niliwaeleza wazazi kwa mfano wa mbao kabla hawajakubali. Na jingine, ambalo liko kwa memori kadi za kawaida zote, ni kwamba hakuna njia ya kuiuliza imechakaa kiasi gani. SSD, ile diski isiyo na kinachozunguka ndani, ukiipa amri ya smartctl inakuambia afya yake. Kadi inakaa kimya mpaka siku inapoacha kuandika. Ndiyo maana kila Ijumaa nanakili hifadhidata kwa amri ya .backup ya sqlite3 kwenda kwenye flashi ninayoondoka nayo nyumbani. Usinakili faili la hifadhidata kwa cp wakati Kolibri inafanya kazi, unaweza kubeba nakala iliyokatika katikati.

Kama una fedha ya SSD ndogo na betri ya kuimudu, inunue, ni bora zaidi kwa data. Kwa sisi, ambao kila wati ya sola ina mwenyewe, kadi hii inakula umeme kidogo sana na inatosha. Ila uhakikishe unainunua mahali watakapokubali kuipokea tena ikishindwa f3, na uwaambie hivyo kabla ya kutoa pesa. Duka la kwanza nililoingia Kariakoo lilikataa sharti hilo, nikatoka. La pili walikubali, wakanipa hata risiti yenye namba ya kadi.

Mwezi uliopita nimenunua nyingine ya aina hii hii kwa akiba. Nimeshaipima, ina nakala ya DATA ya mwisho wa muhula, iko ndani ya bahasha kwenye kabati la maabara pembeni ya kitufe chekundu, na Babu anajua ilipo.